Familia zilizolala mahemani, na waliobeba mahema

Nimekuwa kimya kidogo, testi zilitubana sana hapa Malimbe. Leo umeme upo, bando lipo, na kuna jambo la historia limenikaa kichwani wiki nzima. Ile likizo ya familia kupanda milimani, kulala kwenye mahema na kuangalia wanyama, baba na mama na watoto wote, ilianzaje huku kwetu? Na kwa nini sisi wa Misungwi, ambao geti la Ndabaka la Serengeti tunalipita kwa basi kila tukienda Musoma, hatujawahi kuiona kama kitu chetu?

Haya, twende taratibu.

Familia ya kwanza ninayotaka kuwaonyesha ni ya rais. Theodore Roosevelt alimaliza urais wa Marekani Machi 1909, na Aprili hiyo hiyo akashuka Mombasa na mwanaye Kermit, kijana wa miaka 19 aliyesimamisha masomo yake Harvard ili aongozane na baba. (Wanachuo wenzangu, hebu mwambieni mzee nyumbani kwamba mnaahirisha mwaka mkamtafute simba, halafu mniambie amejibu nini.) Walizunguka Kenya mpaka miteremko ya Mlima Kenya, wakaenda Uganda na kumalizia Sudan mwaka 1910. Siku zile kuangalia wanyama kulikuwa kwa mtutu wa bunduki. Baba na mwana wenyewe waliua wanyama 512, na sehemu kubwa ya ngozi na mifupa ikasafirishwa kwenda makumbusho ya Washington. Chumvi ya kukaushia ngozi peke yake ilikuwa tani nne.

Lakini kilichonichekesha na kunikera kwa pamoja ni vitabu. Roosevelt alikuwa na maktaba ndogo ya safari, vitabu kadhaa vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibike kwa jasho na vumbi, vimepangwa ndani ya sanduku. Sanduku lile lilikuwa mzigo kamili wa mtu mmoja. Yaani kulikuwa na mwanaume mzima, katika wapagazi zaidi ya 200, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba vitabu vya mtu mwingine kupanda na kushuka milima. Jina lake silioni popote. Majina ya vitabu yapo yote.

Familia ya pili ni ya akina Leakey. Louis Leakey alifika Olduvai kwa mara ya kwanza mwaka 1931, na baadaye yeye na mkewe Mary wakawa wanapiga kambi pale msimu baada ya msimu, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, pamoja na watoto wao wa kiume Jonathan, Richard na Philip, bila kusahau mbwa. Hawa hawakuja kuwinda. Watoto walikua wakilala mahemani, simba akinguruma usiku, maji yakihesabiwa kwa kikombe kwa sababu bondeni pale maji ni shida. Julai 1959 Mary aliokota lile fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Mwaka uliofuata Jonathan, akiwa bado kijana, akaokota taya lililokuja kuwa msingi wa jina Homo habilis mwaka 1964. Kwa likizo ya kifamilia, hayo si matokeo mabaya! Ila hata pale kambi ilisimama kwa watu wengine. Heslon Mukiri alifanya kazi na Louis kwa miaka mingi, na Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba Olduvai mwaka 1960 kabla hajawa mmoja wa watafutaji wakubwa kabisa wa mabaki ya kale duniani. Angalau hao majina yao yamebaki.

Familia ya tatu ndiyo iliyonifanya nikose usingizi.

Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Mwanaye Michael alikuwa rafiki yake wa kazi, rubani mwenzake na mpiga picha. Serikali ya mkoloni Mwingereza ilikuwa inataka kuigawa Hifadhi ya Serengeti, na swali lilikuwa: wanyama wenyewe wanapita wapi? Baba na mwana wakajifunza urubani, wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier, wakaipaka mistari kama punda milia na kuirusha kutoka Ujerumani hadi Tanganyika. Mwaka 1958 wakawa wanaishi porini, kambi yao ya kawaida ikiwa Banagi, na wakiingia pia ndani ya kreta ya Ngorongoro, wakihesabu wanyama kutoka angani. Walipata wanyama wakubwa kama 367,000. Ni hesabu ya kwanza ya namna hiyo kule, na ilionyesha kwamba nyumbu hawajui mpaka wa ramani, wanatoka nje ya mistari iliyopendekezwa na kurudi.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake. Ndege iligongana na tai. Ikaanguka, na yeye akafa, ana miaka 24. Walimzika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ukitazama chini unaona bonde zima. Juu ya kaburi kuna jengo la mawe lenye umbo la piramidi, na maandishi yanayosema alitoa kila alichokuwa nacho, pamoja na uhai wake, kwa ajili ya wanyama wa Afrika. Filamu waliyoipiga pamoja ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na mzee akaipokea sifa hiyo bila mwanaye. Bernhard mwenyewe alifariki Machi 1987 Frankfurt, akiwa kwenye sarakasi anaangalia mchezo wa chui milia, na majivu yake yakaletwa kuzikwa pale pale kwa mtoto.

Mimi nasema wazi, mzee huyu namheshimu. Hata sokwe walioko kisiwa cha Rubondo, ziwa hili hili letu, walifikishwa na mradi wake kati ya 1966 na 1969. Lakini aliandika pia kwamba hifadhi isikaliwe na binadamu yeyote, hata mwenyeji. Hapo tunaachana. Mwaka ule ule aliofariki Michael, Wamasai walitolewa Serengeti, Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la pekee ambalo watu, ng'ombe na wanyama pori wangekaa pamoja. Mwaka 1974 wakatolewa na chini kwenye kreta. Mwaka 2022 serikali ikaanza kuhamisha familia kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Kwa hiyo ukingo ule ule ambao familia moja imezikwa kwa heshima zote, familia nyingine zinaambiwa zifungashe.

Na lile pori walilolikuta tupu, utupu wake una historia. Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za kreta, alipita pale Machi 1892 akielekea huku ziwani. Alikuta Wamasai wamebaki mifupa mitupu kwa njaa, kwa sababu sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wao. Sotoka iliua pia nyati na nyumbu. Wanyama walianza kuongezeka kweli kweli baada ya ng'ombe wa vijijini kuchanjwa na ugonjwa kuisha: nyumbu wa Serengeti walitoka kama 260,000 mwaka 1961 wakafika milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Yaani ng'ombe wa mfugaji, yule yule anayeitwa adui wa hifadhi, kudungwa kwake sindano ndiko kulikowapa watalii ule msururu wa nyumbu wanaoupiga picha.

Sasa niwapeleke nyumbani. Krismasi iliyopita dada yangu anayefanya kazi Arusha aliweka wazo kwenye grupu la familia: Juni hii tukapige kambi Simba, pale juu ukingoni mwa kreta, siku mbili, familia nzima. Akatuma na picha ya tembo aliyeingia katikati ya mahema kutafuta maji. Vijana tukashangilia. Jioni yake, tukiwa tumekaa nje tunamenya viazi, mzee akauliza kwa upole tu:

"Kwa hiyo tunalipa ili tulale nje?"

Mama akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Mzee wangu miaka ya tisini alikimbilia rashi za dhahabu upande wa Geita, akalala chini ya turubai karibu miaka mitatu, mvua ikinyesha humo humo. Baba mdogo naye ni mvuvi, kambi yake iko kisiwani, ana miezi mingi haoni kitanda. "Mimi kiboko namwona bure kila usiku," akasema, "na siku nisiyomwona ndiyo namshukuru Mungu." Ukikaa kandokando ya ghuba hii ya Mwanza, mamba na kiboko ni habari za msiba. Darubini haina kazi hapo.

Halafu mzee akauliza swali ambalo nimekuja nalo mpaka chuoni: "Hao Wazungu wa kwenye vitabu vyako, mizigo yao ilibebwa na nani?"

Ilibebwa na sisi, baba. Wasukuma na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mahiri wa njia za kati, kutoka huku na Tabora mpaka Bagamoyo, tena muda mrefu kabla ya Mzungu kufika. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, meno ya tembo kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi. Speke alipoliona ziwa mwaka 1858 alikuwa ametoka Tabora na msafara wa watu wa namna hiyo, akapita ukanda huu wetu mpaka Mwanza. Hakulivumbua peke yake na dira yake!

Nilichokuwa sikijui kabla ya semina ya juzi ni kwamba misafara mingi ya Wanyamwezi ilikuwa na wake na watoto. Mwanamke anabeba sufuria, mikeka na chakula, mtoto mkubwa anabeba mzigo mdogo wa baba yake. Wakifika kituoni wanakata miiba na kuzungusha boma, wanajenga vibanda vya nyasi, wanajigawa makundi ya kupika pamoja, moto unakokwa, hadithi zinaanza. Fisi analia huko nje, simba anajibu. Baba, mama, watoto, moto, wanyama. Nielezeni tofauti yake na kile dada alichotutumia kwenye grupu, zaidi ya risiti!

Tofauti ipo, nakubali. Wale walikuwa kazini. Kwetu neno kambi limekuwa la kazi siku zote: kambi ya wapagazi, ya wavuvi, ya wachimbaji, ya JKT. Na kazi yenyewe ilipogeuzwa kuwa ya lazima iliua watu. Kariakoo ya Dar inaitwa hivyo kutokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza katika Vita ya Kwanza, na maelfu kwa maelfu ya wabeba mizigo hawakurudi makwao. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikikatiza Misungwi hapo Fela, upagazi wa masafa huku ukabaki hadithi ya wazee. Kilichobaki hai ni kile cha wageni: safari, hema, mpishi, moto wa jioni. Kizazi kimoja babu anabeba hema, kizazi kinachofuata mjukuu anaambiwa kambi ni starehe ya Wazungu.

Hata Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama ambako Serengeti si mbali, inasemwa alitamka mwaka 1961 kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo kutazama mamba, ila wanyama hao watakuja kuwa chanzo kikubwa cha mapato baada ya almasi na mkonge. Septemba mwaka huo akatoa Azimio la Arusha la uhifadhi (siyo lile la 1967, msichanganye), akiahidi kuwatunza. Namwelewa kabisa. Ndiyo sauti ya baba mdogo ile ile, kavaa suti. Ila ukimweka mnyama kwenye hesabu moja na almasi, ujue mwananchi naye atamtazama kama anavyoitazama almasi ya Mwadui: mali iliyo ndani ya uzio, ya wengine.

Kiingilio cha Mtanzania Ngorongoro ni sehemu ndogo sana ya kile cha mgeni, hilo wengi hamlijui. Kinachotuumiza ni gari. Dada anatafuta kosta ya kuchangia, na michango inaendelea. Mzee ametoa laki moja bila maneno mengi, akasema hema atalifunga yeye, vijana wa siku hizi kamba hatuzijui. Mama anashona mablanketi, maana mita 2,300 juu baridi yake si ya Mwanza. Baba mdogo bado anatafakari.

Mimi nimeshasema pale kaburini kwa Michael nitasimama dakika kadhaa, na baada ya hapo nataka mzee aketi karibu na moto atuhadithie ya kwenye rashi, yote, hata yale anayoyarukaga.

Saa hizi ni saba usiku, na kesho kipindi saa moja asubuhi. Alamsiki.