Mzabibu wa Misioni na Asili Yake

Kasikisi ya ndizi, hata ikiwa safi namna gani, haifai kwa Misa. Sheria ya Kanisa yataka divai ya zabibu, tena isiyoharibika. Kwa hiyo wamisionari waliokwenda nchi za mbali walifikiri mapema juu ya mizabibu. Leo tunataka kueleza habari za namna moja ya mzabibu iliyosafiri hivyo, hata ikasahauliwa karibu kabisa kwao.

Kwanza tukumbuke muhogo. Hatupandi mbegu yake. Twapanda kipande cha mti, na mmea mpya ni ule ule wa zamani. Mzabibu ni vivyo hivyo. Panda mbegu ya zabibu, utapata mtoto asiyefanana sawasawa na mama. Panda kipande cha tawi, utapata mama mwenyewe. Basi mti waweza kuvuka bahari, kupewa jina jingine, na kuishi miaka mia nne nao ni ule ule.

Mwaka 1524, kule Meksiko, Hernán Cortés aliamuru kila Mhispania aliyepewa wenyeji wa kumtumikia apande matawi 1,000 ya mizabibu kila mwaka kwa kila wenyeji 100. Jasho lilikuwa la nani, msomaji amekwisha kuelewa. Katika karne ile ile mizabibu ilifika Peru, Chile na Argentina. Mwaka 1769 Padri Junípero Serra, Mfransisko, alianzisha misioni ya San Diego huko California. Katika barua zake alilalamika kwa kukosa divai ya Misa. Mapadri wakapanda mizabibu, na zabibu zile zikaitwa za Misioni. Wachile waliziita País, maana yake nchi. Waargentina, Criolla Chica.

Papa Fransisko alimtangaza Padri Serra kuwa Mtakatifu mwaka 2015. Wengi wa wajukuu wa wenyeji hawakufurahi, maana wazee wao wakiisha kubatizwa hawakuruhusiwa kuacha misioni, na wengi walikufa kwa magonjwa. Hatuwezi kusifu mashamba yale na kuficha jambo hilo.

Je, mti huu ulitoka wapi? Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari ya uchunguzi wao wa DNA, ndizo alama za urithi zilizo ndani ya kila mmea. Kumbe zabibu za Misioni, País na Criolla Chica ni mti mmoja, nao ni Listán Prieto wa Hispania! Katika bara la Hispania ulikuwa karibu kupotea, lakini visiwa vya Canarias, ambapo merikebu zilipumzika kabla ya kuvuka bahari, bado vinaupanda.

Huko Chile, katika karne ya 19, matajiri walileta mizabibu ya Ufaransa. País ikabaki kwa wakulima maskini wa kusini, ikadharauliwa, kwa kuwa divai yake si ya rangi nzito. Wao hawakuing'oa. Leo wanayo mashina ya miaka zaidi ya mia, na divai yake inatafutwa tena.

Huko Argentina, Criolla Chica ilichanganyika na Moscatel ya Aleksandria, ikazaa Torrontés Riojano, zabibu nyeupe. Huyo ni mtoto wa mbegu, si wa tawi, na alizaliwa Amerika.