Shortbread ni Nankatai Iliyokosa Iliki

Wasee, wacha niseme tu: ule mkebe wa shortbread mnaopiga picha kila Krismasi, sisi Garsen tuko na ndugu yake. Na tunamdharau.

Binamu yangu alirudi kutoka Uingereza na mkebe wa biskuti za Uskoti. Tukakaa barazani na chai ya maziwa. Nyanya akachukua kipande, akatafuna polepole, akasema, "Hii ni nankatai. Ila wamesahau iliki." Tukacheka. Halafu nikaenda kusoma, nikakuta nyanya hakuwa mbali na ukweli.

Shortbread ilianza na mabaki. Unga wa mkate uliobaki ulikaushwa tanurini mpaka ukawa mgumu. Baadaye hamira ikatoka, siagi ikaingia. Hesabu yake ya kawaida ni rahisi: sukari 1, siagi 2, unga 3. Siagi hiyo yote ndiyo inafanya biskuti ivunjike mdomoni badala ya kuvutika kama chapati. Kwa vile siagi na sukari zilikuwa ghali, ilikuwa ya sherehe: Mwaka Mpya, harusi. Huko visiwa vya Shetland walikuwa wakiivunja juu ya kichwa cha bibi harusi!

Sasa njoo kwa nankatai. Huko Surat, Gujarat, wanasimulia kwamba Waholanzi walikuwa na duka la mikate. Walipoondoka, Mparsi mmoja akalirithi. Mikate ikawa haiishi, inakauka, na watu wakaanza kuipenda ikiwa mikavu hivyo. Biskuti ikatokea hapo. Umeona? Uskoti na Surat ziko mbali kabisa, lakini hadithi ni ileile: mkate uliobaki.

Wagujarati walipokuja kufanya biashara Zanzibar, Mombasa na Lamu, nankatai ikaja nao. Pwani haina hesabu moja. Huyu anatia iliki, yule kungumanga, mwingine anabandika lozi juu.

Lakini nankatai ya nyanya ilishinda zote kwa sababu ya samli. Mama za Kiorma wanatikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ijitenge, kisha wanaipika taratibu hadi inukie. Halafu ukaja ukame wa 2020 hadi 2022. Ng'ombe wakafa, samli ikawa adimu, nyanya akahamia mafuta ya dukani. Biskuti ikapoteza harufu, na sisi vijana tukaanza kuiita chakula cha wazee.

Hii ndiyo inaniuma. Waskoti walichukua biskuti yao ya sikukuu wakaitia kwa mkebe, leo inauzwa viwanja vya ndege dunia nzima. Yetu inafia jikoni tukiangalia.

Basi Idi iliyopita nilitafuta samli, nikapata chupa moja sokoni, nikakaa na nyanya na daftari. Nikamuuliza vipimo. Akanicheka. Akachukua unga mkononi, akafinya: ukishikana bila kubandika vidoleni, inatosha. Tukaoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nyumba nzima ikanukia iliki.

Nilimlazimisha apime kwa kikombe, nikaandika kila kitu. Hesabu ya Waskoti iko kwenye vitabu miaka mingi. Ya nyanya ilikuwa kwenye kiganja chake tu, na nyanya anazeeka.

Kwenu ni nani anajua kupika kitu bila kupima? Na umeshakaa naye jikoni?