Chupa ya Langilangi

Lugha yetu haikubali uzembe katika jambo la harufu. Samaki aliyelala ananuka, asumini inanukia. Tofauti ni irabu moja tu, lakini ole wake anayeiacha. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu watarajiwa, hapo ndipo nilipopenda kuanzia somo la kauli za vitenzi, na mwanachuo aliyeandika kwamba maua yananuka alipata mstari mwekundu na kicheko cha darasa zima.

Tazama kisha wingi wa majina. Tuna manukato, ambalo ni jina la jumla. Tuna marashi, yanyunyizwayo kutoka kwenye mrashi juu ya wageni wa harusi na juu ya sanda. Tuna uturi, udi, ubani, liwa, ambari na zabadi. Mengi ya majina hayo yalikuja na majahazi, pamoja na vitu vyenyewe. Lakini pwani hii haikuwa mnunuzi tu. Msafiri wa Baghdad aitwaye al-Masudi, ambaye mwaka 916 hivi alisafiri baharini kati ya Oman na kisiwa alichokiita Qanbalu (wanahistoria wengi wanadhani ni Pemba), aliandika kwamba ambari iliyo bora hupatikana katika visiwa na fukwe za bahari ya Zanj, yaani kwetu. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno. Ikitoka hunuka. Ikielea miaka mingi juani na katika maji ya chumvi, hunukia. Sijapata mfano bora zaidi wa ile irabu yangu.

Mwandishi huyohuyo alitaja pia danzi, lile chungwa chungu. Anasema mti wake uliletwa kutoka Uhindi baada ya mwaka 300 wa Hijra, ambao ni 912 kwa hesabu ya Kizungu, ukapandwa kwanza Oman, kisha Basra, Iraki na Sham. Na kwamba ulipofika huko ulipungukiwa na ile harufu nzuri uliyokuwa nayo kwao. Mambo haya mawili, danzi na ambari, niliyasoma zamani bila kuyaunganisha. Kilichoyaunganisha ni chupa moja ndogo ya kioo iliyoingia nyumbani kwangu Temeke.

Chupa hiyo aliileta binti yetu anayefanya kazi Muscat, alipokuja likizo fupi kabla ya Ramadhani. Ni manukato ya Chanel, yale yajulikanayo kwa namba 5. Bei yake sikuuliza. Alimkabidhi mama yake mkononi, kwa heshima, siku ile anaondoka, na mama yake akaipokea, akaifungua kidogo, akaipeleka puani, akafumba macho, akasema, “Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie.” Mimi niliyekuwa nimekaa kando niliinamisha kichwa. Mke wangu hana pua. Tangu ugonjwa wa mwaka 2021 hasikii harufu ya kitu chochote. Hata kitunguu kikiungua hajui mpaka aone moshi. Na binti hakuwahi kuambiwa. Mama yake alikataa, akisema mtoto aliye mbali hapewi habari isiyo na dawa.

Msomaji aelewe ni mtu wa namna gani aliyepatwa na hili. Huyu ni mwanamke wa Unguja, aliyekuwa akisuka vikuba kwa ajili ya harusi za nusu ya mtaa wetu: mrehani, asumini, kilua na mkadi, kila kimoja kwa kipimo chake. Aliweza kusema nyumba ipi wamefukiza udi wa kweli na ipi wamefukiza vumbi la mbao lililotiwa mafuta. Asubuhi ya pili baada ya binti kuondoka aliketi barazani, akajipulizia kwenye kifundo cha mkono na kwenye ncha ya kanga, akaninyooshea mkono.

“Haya, Mwalimu,” akasema. “Nisomee.”

Nikamsomea. Nilimwambia kwamba mwanzo wake ni wa ukali na usafi, mithili ya ganda la ndimu linapominywa na kukuchoma jichoni, na nyuma yake kuna kitu kama shuka lililoanikwa juani kisha likapigwa pasi ya mkaa. Limau limo, na maua ya danzi yamo, ambayo mafuta yake huitwa neroli, kwa jina la bibi mmoja mtukufu wa Nerola, Italia. Ile harufu ya pasi hutokana na kemikali ziitwazo aldehaidi. Mtaalamu aliyeyachanganya, Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow, alizitia kwa wingi ambao haukuwa umezoeleka, na alipompelekea Gabrielle Chanel vichupa vya majaribio vyenye namba, bibi yule akachagua cha tano. Yalianza kuuzwa mwaka 1921. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 200, harufu ya jamii ya machungwa ilikuwa imetamba Ulaya katika yale maji ya mji wa Cologne, ambayo Mtaliano Johann Maria Farina alianza biashara yake mwaka 1709. Kwa hiyo danzi lilipita Oman, likapita Sham, likafika Italia na Ujerumani, likarudi Muscat ndani ya kioo na kuuzwa kwa mjukuu wa watu wa Unguja.

Mke wangu alisikiliza yote haya kwa subira. Kisha akasema, “Hiyo ni ndimu ya kuoshea samaki. Mtoto katoa fedha zake kwa hiyo?”

Nilimwomba asubiri, kwa kuwa manukato ya namna hii hayaji yote kwa mara moja. Vitu vilivyomo ndani yake havina uzito mmoja. Vilivyo vyepesi, kama mafuta ya ndimu, hupaa upesi pamoja na spiriti. Vya maua hufuata. Vya magogo na utomvu hubaki nyuma. Joto la ngozi ndilo linaloviamsha, na joto la Dar es Salaam huongeza mbio. Hapo barazani hazikupita dakika 20, ndimu ikawa imekwenda zake, na upepo wa upande wa Mtoni ukatuletea moshi wa mihogo inayokaangwa. (Jirani yangu alinihoji kama nitaingia msikitini na spiriti hiyo. Nilimjibu kwamba imo mkononi mwa mke wangu, na mke wangu husali nyumbani.)

Nilipoinama mara ya pili nilikuta maua. Asumini nilimtambua, na waridi, lakini juu yao palikuwa na utamu mzito, wa manjano kama rangi ingekuwa na harufu, unaokaribia ndizi mbivu. Nilianza kumweleza, nikafika kwenye ndizi, akanikatiza.

“Langilangi,” akasema.

Akanyamaza muda mrefu. Hakuisikia, aliijua kwa maneno yangu tu. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Nzwani katika visiwa vya Ngazija, aliyehamia Unguja akiwa msichana kama walivyohama Wangazija wengi, na utotoni alikuwa amechuma langilangi katika shamba moja la Wafaransa.

Hapa inafaa nitue. Mlangilangi asili yake ni Ufilipino na visiwa vya jirani. Wafaransa waliueneza katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi kwenye mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: Réunion, Nosy Be, kisha Ngazija, Nzwani na Mayotte. Huko Nzwani kampuni ya Bambao, ambayo nyumba ya Chiris ya mji wa Grasse ilikuwa na mkono ndani yake, ilishika sehemu kubwa ya ardhi iliyo njema, na wenyeji wakabaki na miteremko. Mti wenyewe ukiachwa hurefuka sana, kwa hiyo hukatwa kilele na matawi yake hulazwa, ukabaki kimo cha mtu, umepinda kama mzee mwenye kibiongo. Uchumaji huanza alfajiri kabla jua halijakausha harufu, na ua lililokomaa ni lile lililogeuka manjano na kuwa na doa jekundu katikati. Kilo 50 za maua hutoa takriban kilo moja tu ya mafuta. Huchemshwa kwa saa nyingi, hata kufikia 20, na mafuta yanayotoka mwanzo, yaitwayo ekstra, ndiyo ya bei kubwa. Yanayofuata hushuka daraja mpaka yale ya kutilia sabuni. Kuni zinazoliwa na matanuri hayo zimechangia kuvua milima ya visiwa vile miti yake. Ngazija walipata uhuru mwaka 1975, Mayotte ikabaki chini ya Ufaransa, na hadi leo visiwa hivyo ni miongoni mwa wauzaji wakuu wa langilangi duniani.

Bibi yule, kwa masimulizi ya mjukuu wake, hakuwahi kuona chupa ya manukato yaliyotoka katika maua aliyochuma. Alikwenda Unguja na mbegu katika fundo la kanga. Mti aliouotesha nyuma ya nyumba ulichanua mpaka yeye kufariki, na chini yake ndipo mke wangu alipofundishwa kusuka vikuba.

Siku hizi ukienda kwenye mashamba ya viungo ya Unguja, huko Kizimbani na Kindichi, utamsikia mwongoza watalii akishika ua la mlangilangi na kutangaza kwamba huu ndio mti wa Chanel namba 5. Watalii hushangilia. Mimi husikia kero kidogo, kwa sababu mti uliokuwa ukinukisha vyumba vya maharusi umehitaji jina la duka la Paris ili upate kuheshimiwa. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni (la Unguja, si Mtoni yetu hii ya Temeke), alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1886, alichokichapisha Ujerumani, jinsi wanawake wa ukoo wake walivyojaza manukato na maua mabichi katika nguo na malazi yao. Bibi Chanel alikuwa mtoto mdogo wa miaka mitatu. Hatukungoja kufundishwa kunukia.

Mchana, baada ya adhuhuri, nilisoma ukurasa wa mwisho. Maua yalikuwa yamelegea, na chini yake pakawa na kitu laini na kikavu: msandali na vanila, na joto fulani la mnyama. Zamani joto la namna hiyo lilitoka kwenye zabadi ya fungo, ambaye hasa kule Ethiopia alifungiwa tunduni na kukwanguliwa. Sasa watengenezaji wakubwa hutumia zabadi ya maabara, na nadhani hakuna fungo atakayelalamika. Msandali uliosifika ni wa Mysore, Uhindi. Wa kwetu wa Afrika Mashariki nao umewindwa mno hata Kenya ikapiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti.

Na ile vanila ina habari yake. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kwa miongo kadhaa, viwanda vya Ulaya vilitengeneza vanila ya bandia kutokana na yujenoli hiyo. Nyakati hizo sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ilitoka Unguja na Pemba. Hata makonyo, vile vijiti ambavyo mtu angevitupa, hutoa mafuta. Kiwanda kilichoko Wawi, Pemba, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Yamkini basi mabibi wa Paris walijipaka Pemba bila kuijua.

Haya yote nilimsomea. Nilipomwambia kwamba sasa imebaki harufu ya mti uliosagwa na maji, aliinusa kanga yake mwenyewe, kwa mazoea, akaishusha.

“Hiyo ni liwa,” akasema. “Bibi alikuwa akinisugulia juu ya jiwe.”

Jumapili binti alipiga simu kutoka Muscat. Baada ya kuulizana hali akataka kujua kama mama yake ameyapenda yale manukato, au anayaweka tu kabatini kama kawaida yake. Mke wangu alinitazama kidogo. Akamwambia kwamba yanaanza na ndimu, ndimu haikai. Kisha yanakuwa langilangi, ile ya bibi wa Nzwani. Na kwamba mtu akivumilia mpaka baada ya adhuhuri yanakuwa liwa. Binti akasema, “Mama, wewe una pua!” Mke wangu akacheka, akanipa simu.