Gasketi na Jiko Linalofumba Mdomo

Mpwa wangu ana miaka 12. Alizaliwa Atlanta, kule Georgia, lakini wazazi wake wameshikilia kwamba ndani ya nyumba ni Kiswahili. Kiingereza kinaanzia barazani. Jumamosi moja alikuwa uani na baba yake, wameliinamia jiko lao kubwa la kauri, lile la umbo la yai. Mkanda mnene unaozunguka mdomo wa jiko ulikuwa umeungua, umekuwa mweusi na mkavu kama ukoko, unadondoka vipande vipande. Mtoto akauliza unaitwaje. Baba yake akamjibu: gasketi. Mtoto akasema hicho ni Kiingereza, yeye ameuliza Kiswahili.

Huku kwetu ilikuwa saa tatu usiku simu ilipolia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, gasketi tunaiitaje kwa Kiswahili?"

Nyuma yake nilimsikia shemeji akisema, "Mwulize vizuri, hiyo ndiyo kazi yake." Ni kweli, ndiyo kazi yangu. Nikashika kalamu na sikuandika kitu. Nikamwomba mtoto anipe siku chache. Gasketi mpya ilikuwa haijaagizwa bado, kwa hiyo muda ulikuwepo.

Nilianza na kitu chenyewe, maana istilahi inayotungwa na mtu asiyejua kitu kinavyofanya kazi hudumu kwenye karatasi tu. Jiko hili ni vipande viwili vya udongo uliochomwa. Chini ni mtungi mnene unaobeba mkaa. Juu ni kuba linalofunguka kwa bawaba. Mtungi una kilango cha kuingizia hewa, na kuba lina tundu kileleni la kutolea moshi. Mpishi hauongozi moto kwa kuongeza mkaa bali kwa hewa. Akiyabana matundu hayo mawili, joto hutulia kwenye nyuzi 110 au 120 za Selisiasi, na kidari cha ng'ombe huiva humo taratibu kwa saa 12 au zaidi. Akiyaachia, joto hupanda likapita nyuzi 350, joto la kuokea piza. Akiyafunga kabisa, moto hufa na mkaa uliobaki hungoja siku nyingine. Yote hayo yanataka hewa ipite pale tu ilipopangiwa. Sasa, kauri juu ya kauri haikutani sawasawa hata ifinyangwe na bingwa gani. Mahali fulani hubaki mwanya. Tena kauri ikigonga kauri huvunjika. Gasketi hulala katikati ya hizo mbili, ikaziba mwanya na kupokea kishindo cha kuba linaposhushwa.

Nimeandika kauri, na neno hilo lilinisimamisha. Kwa Kiswahili kauri ni yule kombe mdogo wa baharini, wa mgongo unaong'aa, na kauri ni sahani na kikombe cha kichina pia. Waitaliano nao walikuwa na jina la kombe huyohuyo, porcellana, wakakipa jina hilo chombo cha China kwa ule mng'ao wake. Watu wa bahari mbili walikitazama kitu kimoja wakakifananisha na kombe yuleyule. Ndiyo maana sioni haja ya kusema jiko la seramiki. Jiko la kauri linatosha, na linapendeza.

Jina la jiko lenyewe limesafiri pia. Wamarekani huliita kamado, neno la Kijapani: kama ni chungu cha kupikia, do ni mahali. Kwa Wajapani kamado ilikuwa meko ya udongo iliyojengwa ndani ya nyumba, na baadaye kukawa na za duara, za kubebeka, za kupikia wali. Askari wa Kimarekani waliziona baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakarudi nazo kwao, na badala ya wali wakaweka nyama. Mwaka 1974 Ed Fisher alianzisha kampuni ya Big Green Egg huko huko Atlanta anakoishi mpwa wangu. Basi neno lililokuwa na maana ya mahali likawa jina la chombo. Sisi tumepita njia hiyohiyo bila kusafiri. Jiko ni pale moto unapokaa, na wingi wake wa zamani ni meko. Lakini tulipoanza kununua vyombo vya moto madukani, wingi mpya ukazaliwa, majiko. Meko ni mahali, majiko ni vyombo. Na tanuri la mfinyanzi, anamochomea vyungu vyake, ni joko. Jiko la shemeji yangu lilitoka kwenye joko. Kama ningekuwa na neno moja tu la kumfundisha mtoto siku ile, ningemfundisha hilo.

Lakini aliulizia gasketi.

Ingia gereji yoyote kuanzia Mombasa hadi Mbeya utaikuta. Gari likichemsha, fundi husema gasketi ya silinda hedi imeungua, na mwenye gari hahitaji mkalimani, anajua gharama inayokuja. Nimewahi kukaa kwenye kigoda nikimtazama fundi akikata gasketi kwa mkono: analaza karatasi ngumu juu ya chuma, anagonga kwa nyundo ndogo kufuata ukingo, kidogokidogo, mpaka ukingo wenyewe unaikata karatasi kwa umbo lake. Alikuwa akisema "gasketi hii", "gasketi zako mbili", "gasketi imekufa". Neno likishapewa ngeli na likaweza kufa, limekwisha kuwa letu. Simwelewi mtu anayetaka kulitoa gereji kwa sababu lilikuja na injini.

Hata hivyo mtoto hakukosea. Kizibo kinajieleza chenyewe, kwamba kinaziba. Kifuniko vilevile. Gasketi haielezi kitu. Asiyewahi kuiona hawezi kuikisia. Nikatafuta.

Kumbe neno gasket halikuzaliwa gereji. Lilizaliwa melini. Mabaharia wa Kiingereza waliiita hivyo kamba fupi ya kufungia tanga lililokunjwa lishikamane na foromali, na kamusi zao hulihusisha na garcette ya Kifaransa, kamba nyembamba. Injini za mvuke zilipokuja, mafundi walizuia mvuke usivuje kwa kusokota katani na kuishindilia penye maungio, na msuko ule wa katani ukarithi jina la kamba ya tanga. Hii ilinifurahisha sana, kwa sababu neno la kwanza lililokuwa limenijia kwa Kiswahili lilikuwa la baharini vilevile: kalafati.

Kalafati ni ile pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, inayogongwagongwa kwenye nyufa za mbao za chombo ili maji yasiingie. Na kukalafati ni kuifanya kazi hiyo. Limetufikia kutoka Kiarabu, na ndugu zake wamejaa kila bandari: Waturuki wana kalafat, Waitaliano calafatare, Wareno calafetar. Wareno walilitoa majini wakalipandisha nchi kavu. Leo Mreno akiziba nyufa za dirisha upepo usipenye, kwake hiyo ni kazi ya neno lilelile. Nikajiambia, kama dirisha, kwa nini si jiko? Nilitembea na neno hilo siku mbili nikiwa na uhakika.

Siku ya tatu nilikuwa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ambako majahazi bado hujengwa mchangani. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekaa chini ya ubavu wa chombo, kibakuli cha mafuta kando yake, nikamweleza habari za jiko lenye kuba na mkanda katikati. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusokota pamba.

"Na hilo jiko, mwanangu, hufunguliwa?"

"Hufunguliwa mzee. Mara nyingi kwa siku."

"Basi hiyo si kalafati. Kalafati ikishaingia haitoki ila chombo kimepandishwa kwa matengenezo. Mbao mbili zikishakalafatiwa ni mbao moja."

Sikuwa na la kumjibu. Kuna watu wanaoweza kukuvunjia hoja ya siku mbili kwa swali moja, na ni heri ivunjike kwao kuliko kwenye kitabu kilichokwisha kuchapwa.

Alichonipa mzee yule, bila kukusudia, ni kitenzi: hufunguliwa. Nilikuwa nimekazana kutafuta jina, wakati Kiswahili utajiri wake katika jambo hili umekaa kwenye vitenzi. Tunaziba tundu, kisha tunalizibua. Tunafunika chungu, tunakifunua. Tunafunga mlango, tunaufungua. Tunafumba macho, tunayafumbua. Kwa mbali vyote vinne ni jambo moja, lakini kila kimoja kina mkono wake. Kuziba ni kuingiza kitu ndani ya tundu. Kufunika ni kuweka kitu juu. Kufunga kunataka kamba, komeo au kufuli. Kufumba hakutaki chochote cha nje: ni kingo mbili laini kukutana zenyewe. Kope hazina komeo wala midomo haina kizibo. Hufumba, na zikitaka hufumbua.

Na chungu, kwetu, kina mdomo. Jiko la kauri lina miwili, wa juu na wa chini, mikavu na migumu kama mfupa. Inaweza kufunikana, lakini haiwezi kufumba, kwa kuwa haina nyama. Gasketi ndiyo nyama ya midomo hiyo.

Nilishawishika kuunda jina kutokana na kitenzi hicho. Nikaandika kifumbo, nikakifuta, maana fumbo limekwisha kuchukua nafasi yake, na kwa haki: fumbo ni maneno yaliyofumbwa. Nikaandika kifumbio. Nilipokisoma kwa sauti nikaona nitalazimika kukieleza kwa kusema, "yaani gasketi." Nikakifuta nacho.

Wapishi wetu wa pwani walishalimaliza tatizo hili zamani bila kutunga jina. Wali ukikaribia kukauka maji, mpishi hulaza jani la mgomba juu ya mdomo wa sufuria, hukandamiza kifuniko juu yake, kisha huweka makaa ya moto juu ya kifuniko. Jani hulegea kwa mvuke, likajaza kila pengo la kifuniko kilichobonyea. Ni gasketi kamili, ya matumizi ya siku moja. Jani halikupewa jina la kazi, limebaki jani. Kilichopewa jina ni tendo: kupalia. Ukimwambia mtu "upalie wali", umemwambia yote.

Nilipompigia mpwa wangu, niliamua kumpa gasketi iliyo ya gereji na vitenzi vilivyo vya nyumbani.

Baba yake alikuwa bado anachagua. Majiko haya kwa miaka mingi yalivishwa mkanda wa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa: laini, hufumba vizuri tangu siku ya kwanza, lakini moto wa piza huuunguza. Kuna wa Nomex, uzi uliobuniwa na DuPont miaka ya 1960 na unaofumiwa nguo za wazima moto. Hauyeyuki, ukizidiwa hugeuka kaa. Na kuna wa nyuzi za kioo, ambazo haziungui kabisa, ila huwasha ngozi zikishikwa kwa mkono mtupu. Nilimshauri achukue wa nyuzi za kioo, kwa sababu familia hiyo hupenda piza, na avae glavu. Nikamkumbusha pia kwamba mara nyingi kinachoshindwa kwanza ni gundi, mkanda wenyewe ukiwa mzima, kwa hiyo aitazame gundi kwa makini kama anavyoutazama mkanda.

Kazi waliifanya Jumamosi iliyofuata, simu ikiwa wazi mezani, mimi nikitaja vitenzi na mtoto akivitenda. Gasketi ya zamani kwanza inabanduliwa, yaani inaachanishwa na pale ilipobandikwa; na ilipokataa kubanduka, ikakwanguliwa kwa ubapa wa kikwangulio. Nilimsihi asiparuze. Kukwangua huondoa kilichoganda juu. Kuparuza huacha alama kwenye kauri yenyewe. Kisha mabaki ya gundi yakasuguliwa kwa kitambaa kilicholowa asetoni, mbali na moto wowote, na mdomo ukaachwa ukauke hadi uwe mkavu kabisa.

"Sasa nivute huu mkanda mpya, mjomba?"

"Usiuvute. Ukiuvuta leo, kesho utajirudi na kuacha pengo. Ulaze."

Akaulaza, akianzia nyuma kwenye bawaba, akiukandamiza kwa kidole gumba hatua kwa hatua hadi ncha mbili zikakutana. Gundi ilishika usiku kucha, kuba likiwa limeshushwa. Moto wa kwanza ukawa wa chini, wa saa chache, ili gundi ikomae kabla ya kupewa joto kali.

Jiko lilipopoa walilipima. Shemeji aliweka noti ya dola moja juu ya mkanda, akashusha kuba, akamwambia mwanawe avute. Noti ikigoma kidogo, midomo imekutana. Ikichomoka kama imepakwa mafuta, hewa nayo itapita. Walizunguka jiko, wakivuta kila baada ya shubiri. Mbele iligoma. Kushoto na kulia iligoma. Walipofika nyuma, karibu na bawaba, nilimsikia mtoto akinyamaza kidogo.

"Baba, hapa halijafumba."

Shemeji akaenda kutafuta spana alegeze nati za mshipi wa chuma unaolishika kuba, walisogeze kuba kidogo.