Wanyama wa Uzi: Historia Fupi ya Amigurumi

Amigurumi ni sanaa ya Kijapani ya kufuma kwa mkono wanyama wadogo wa uzi wanaojazwa pamba, na msingi wake ni kroshia, yaani ufumaji wa sindano moja yenye ncha ya kulabu, uliostawi Ulaya katika karne ya 19. Ufumaji huo ulienea Japani katika enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, serikali ilipohimiza elimu ya Magharibi na shule za wasichana zikafundisha kazi za mikono za kigeni.

Umbo la wanyama hao, lenye kichwa kikubwa na viungo vifupi, linaafikiana na kawaii, yaani mapenzi ya vitu vidogo vyenye haiba ya kitoto, yaliyoshamiri miaka ya 1970, muongo ambamo mhusika wa katuni Hello Kitty alibuniwa, mwaka 1974.

Ustadi wenyewe hutegemea hesabu: mfumaji huanza na kitanzi kinachokazwa, mara nyingi chenye vishono 6, kisha huzunguka kwa mfululizo akiongeza hadi 12, 18 na 24, na baadaye hupunguza ili tufe lijifunge. Sindano huwa nyembamba kuliko kawaida ya uzi huo, ili pamba isionekane.

Kwa kuwa vielelezo vya Kijapani huchorwa kwa alama sanifu, wageni wasioijua lugha hiyo waliweza kuvifuata, na katika miaka ya 2000 intaneti iliisambaza duniani sanaa hii inayostahili heshima kamili ya ufundi.