"Kwenu ni wapi?": Nani mwenyeji wa Kericho?

Uzi 🧵

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, swali hili linarudi Kericho na Bomet: nani mwenyeji, nani mgeni? Mimi nasomea sayansi ya siasa, lakini hili halikuanzia darasani kwangu. Twende polepole.

2/ Kwanza hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 901,777 kaunti ya Kericho na 875,689 Bomet. Wengi ni Wakipsigis. Lakini pita Kericho mjini siku ya soko: utasikia Kikipsigis, Ekegusii, Dholuo, Kiluhya, Gikuyu, na Kiswahili kikiwaunganisha wote.

3/ Tuseme ukweli bila kuzunguka: ardhi ilichukuliwa. Mwaka 1905 Waingereza walituma jeshi Sotik, watu wengi wakauawa. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Vizazi vyao bado vinadai haki.

4/ Katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakaanza mashamba makubwa ya chai. Walihitaji mikono mingi. Wakipsigis wengi walikuwa na ng'ombe na mahindi ya kuuza, na kuchuma majani kwa mzungu hakukuwavutia. Basi wafanyakazi wengi wakatoka Nyanza na Magharibi: Wagusii, Wajaluo, Waluhya.

5/ Wahindi nao wakafungua maduka na karakana. Gurdwara ya Kericho inajulikana mbali: Puran Singh, aliyeishi hapa kabla ya kuhamia Uingereza, bado anaitwa "Kerichowale" na Masingasinga wa Birmingham. Yaani mtu amebeba jina la mji wetu hadi ng'ambo!

6/ Sasa langu. Nyanya yangu alitoka Kisii akiwa msichana, akachuma majani mpaka mgongo ukakataa. Majirani walimwita gogo, kama nyanya yao. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa na miaka 4, na tulilala nje ya kituo cha polisi. Tuliambiwa twende kwetu. Mamangu alizaliwa kwenye nyumba za kampuni. Kwao ni wapi?

7/ Hapa ndipo mijadala hupotoka. Kuna maswali mawili, na watu huyachanganya makusudi. La kwanza: ardhi iliyochukuliwa irudishwe au ifidiwe vipi? La pili: nani ana haki ya kuishi na kufanya kazi hapa?

8/ La kwanza linawahusu waliochukua na wanaokodi. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Mchumaji majani hakupewa hata robo ekari. Akistaafu, anarudisha ufunguo wa nyumba.

9/ La pili lina jibu kwenye kifungu cha 39: kila raia ana haki ya kuishi popote Kenya.

10/ Na leo mashine za kuchuma chai zinamtoa kazini Mkipsigis na Mgusii pamoja. Mei 2023 baadhi zilichomwa kwenye maandamano. Mashine haiulizi mtu kwao ni wapi.

11/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "wageni wametumalizia ardhi", mwulize kwa upole: hati iko kwa jina la nani?

Nyanya alizikwa Kisii. Mimi, ukiniuliza kwetu, nasema Kericho. Chamgei.