MIAKA 64 BUNGENI: WEWE AMANA YAKO UMEIFANYIA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tusome kidogo historia ya mtu ambaye si Muislamu, na wengi wenu hamjapata kumsikia. Anaitwa Fred Risser, wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Kule kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile la taifa lililoko Washington. Risser aliingia bunge la jimbo lake Januari 1957 akiwa na miaka 29. Akatoka Januari 2021 akiwa na miaka 93. Miaka 64! Katika historia ya Marekani hakuna mbunge wa jimbo aliyetumikia muda mrefu kuliko yeye.

Najua utasema, "Sheikh, huyo si king'ang'anizi tu?" Subiri kwanza.

Baba yake, babu yake na baba wa babu yake wote walikuwa wabunge wa jimbo hilo hilo. Lakini kiti hakikuwa mirathi. Alianzia baraza la chini, ambako uchaguzi ni kila miaka miwili, na mwaka 1962 akachaguliwa Seneti, ambako ni kila miaka minne. Kila muhula ulipokwisha, alirudi kwa watu wa mji wake wa Madison kuomba kura upya.

Sasa tazama kazi moja tu. Risser alipigania watu wasivutishwe moshi wa sigara wa wenzao. Miaka ya 1980 ikapatikana sheria ya kwanza, lakini ilikuwa na mianya mingi. Hakususa. Aliendelea nayo hadi tarehe 5 Julai 2010, sheria ilipoanza kuzuia sigara katika sehemu za kazi, migahawa na mabaa ya jimbo zima. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 25 kwa jambo moja!

Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Sisi tunaanza jambo Ramadhani, Shawwal limekufa.

Tena mwaka 2020 mwenyewe alitangaza kuwa hatagombea tena. Hakusubiri kushindwa wala kutolewa kwa jeneza.

Ndugu yangu, usiishie kuwanyooshea kidole wabunge. Wewe mwenyekiti wa kamati ya msikiti, wewe mweka hazina wa madrasa, una miaka mingapi hapo? Waumini walikuchagua tena lini? Mara ya mwisho umewasomea hesabu lini? Choo cha msikiti ulichoahidi kukitengeneza kiko wapi? Na kijana wa kukupokea umemwandaa?

Mtume (s.a.w.) alimwonya Abu Dharr (r.a.) kuwa uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akautekeleza. Hakutaja miaka. Ametaja haki.

Ikiwa unatekeleza, Allah akuzidishie nguvu. Ikiwa umekalia kiti tu, simama leo, mpishe mwenzako, kabla hujasimamishwa mbele ya Yule asiyefichwa kitu.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kutunza amana. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Wabillahi tawfiq.